Magugu Mawili, Mteremko Mmoja: Utambuzi wa Kiduha na Ramfikarpa katika Mashamba na Malisho ya Tambarare ya Kyela

Utangulizi

Mpunga unapodumaa shambani, sababu ya kwanza kutajwa huwa ni udongo uliochoka, na ya pili ni mvua. Katika tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ipo sababu ya tatu ambayo haionekani kwa mtu aliyesimama kwenye tuta la jaruba. Chini ya ardhi mizizi ya mpunga imenaswa na mizizi ya mmea mwingine, na sehemu ya maji na virutubisho ambavyo mpunga umevitafuta inakwenda kuustawisha mmea huo. Mimea inayoishi hivyo huitwa magugu vimelea. Kyela ina magugu vimelea mawili yenye madhara makubwa kwa mpunga. La kwanza ni kiduha, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Striga asiatica. La pili ni Rhamphicarpa fistulosa, ambalo halina jina la Kiswahili lililozoeleka. Katika makala haya nitaliita ramfikarpa.

Makala haya yana hoja moja ya msingi. Magugu haya mawili ni ya familia moja ya mimea, hushambulia zao moja, na yanaweza kuwa katika ardhi ya kaya moja. Hata hivyo, hatua inayolidhoofisha moja yaweza kulinufaisha jingine. Kupanda mpunga mapema husaidia dhidi ya ramfikarpa lakini hukipa kiduha nafasi. Kupanda kwa kuchelewa hukipunguza kiduha lakini huuacha mpunga wa bondeni mikononi mwa ramfikarpa. Mkulima asiyejua ni lipi kati ya haya mawili lililo shambani mwake anaweza kufuata ushauri sahihi wa kitaalamu na bado akavuna pumba. Utambuzi, kwa hiyo, unatangulia kila hatua nyingine, na sehemu kubwa ya makala haya imetengwa kwa ajili yake. Sehemu inayobaki inaeleza yale ambayo maandishi kuhusu mpunga huyagusa kwa mbali tu: uhusiano wa magugu haya na malisho ya ng'ombe.

Ardhi na maji yake

Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, imekaa mahali ambapo Bonde la Ufa linakutana na kichwa cha ziwa. Mashariki yake Milima ya Livingstone inateremka karibu wima hadi ufukwe wa Matema. Kaskazini ardhi inapanda kuelekea Tukuyu na Mlima Rungwe, na upande wa magharibi Mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Ziwa lenyewe liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya tambarare imeinuka kidogo tu juu yake. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio huteremsha udongo wa milimani na kuutandaza huku chini. Mvua ni nyingi, kwa kawaida zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei ndiyo ya mafuriko.

Mgeni huiona tambarare hiyo kama sakafu. Mwenyeji anajua kwamba si sakafu hata kidogo. Kuna migongo ya mchanga iliyoachwa na mito ya zamani, ambako maji ya mvua hupotea ndani ya saa chache. Kuna miteremko ya kati inayolowa na kukauka. Na kuna mabonde ya udongo mzito ambako maji hukaa kwa wiki nyingi. Tofauti ya kimo kati ya mgongo na bonde yaweza kuwa mita chache tu, na familia moja yaweza kuwa na vipande vyote vitatu. Mpunga hulimwa kote huko kwa kutegemea mvua. Msomaji aukumbuke mteremko huu, kwani ndio ufunguo wa yote yanayofuata.

Ardhi hiyo hiyo ni ya mifugo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi vijiji vya rika vilivyoanzia kwa wavulana waliochunga ng'ombe wa baba zao pamoja. Ng'ombe alikuwa maziwa, mahari na heshima ya msiba. Kilimo cha mpunga kilivyopanuka katika karne ya 20, mabonde yenye majani yalizidi kugeuzwa majaruba, na ng'ombe wakabaki na kingo za mito, maeneo yaliyopumzishwa na mabua baada ya mavuno. Jaruba la Kyela, kwa hiyo, ni shamba kwa nusu ya mwaka na malisho kwa sehemu ya nusu inayobaki.

Je, ni magugu vamizi?

Neno "vamizi" linahitaji kupimwa kabla ya kutumiwa. Katika maandishi ya Afrika Mashariki limezoeleka kwa mimea iliyoletwa kutoka mabara mengine. Gugu karoti, lililotoka Amerika na kuripotiwa Arusha mwaka 2010, ni mfano mmoja. Mfano mwingine ni mti ambao Wakenya huuita mathenge, uliopandwa Baringo kwa nia njema ya kuzuia jangwa, ukafunga njia za mifugo na kuharibu meno ya mbuzi kwa maganda yake yenye sukari, hata wakazi wakaishtaki serikali mahakamani. Kwa kipimo hicho, kiduha na ramfikarpa si vamizi katika Kyela. Yote mawili ni mimea ya Afrika. Ramfikarpa inajulikana katika nchi zisizopungua 35 za bara hili, na makao yake ya asili ni maeneo ya majani yanayofurika kwa msimu, yaani malisho ya mabondeni.

Kiduha chenyewe kimewahi kuwa mvamizi kamili, lakini ugenini. Mwaka 1956 kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini nchini Marekani, na baadaye kikaonekana katika takriban hekta 175,000. Serikali ya nchi hiyo iliweka karantini na kukifukuza kwa miongo kadhaa na kwa gharama kubwa sana. Mkulima wa Kyela hana karantini wala bajeti ya namna hiyo, na gugu lake halikuingia kwa meli. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hiyo napendekeza tutumie neno vamizi kwa kutazama mwenendo wa mmea, tukiacha pembeni suala la asili yake: mmea ulioishi kwa kiasi katika majani ya bondeni, kisha ukaingia katika majaruba na kuzaana humo kuliko ulivyowahi kuzaana kabla, umevamia, hata kama haukuvuka mpaka wowote.

Ukubwa wa tatizo si wa Kyela peke yake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na Jonne Rodenburg na wenzake yalionyesha kwamba magugu vimelea yanatishia angalau hekta milioni 1.34 za mpunga wa mvua barani Afrika na kuzigusa kaya za vijijini zipatazo 950,000.

Kuyatambua

Kiduha ni mmea mfupi. Mara nyingi kimo chake ni kati ya sentimita 15 na 30, na kikiwa katikati ya mpunga uliosimama vizuri huhitaji kuinama ili kukiona. Shina lake ni gumu, lenye pembe, na lina vinywele vinavyokwaruza mkono. Majani ni membamba na marefu kiasi, mazima, yasiyo na migawanyiko. Yale ya chini hukaa mawili mawili yakitazamana. Kinachokitambulisha zaidi ni ua. Katika ukanda wetu ua hilo kwa kawaida ni jekundu la kukoza, dogo kama punje ya dengu, lililofunguka wakati wa mchana. Mtu aking'oa kiduha kwa uangalifu katika udongo wa mchanga atakuta mizizi michache, laini na myeupe, isiyolingana na mmea ulioko juu. Hilo si ajabu. Kazi ya kutafuta maji imeachiwa mpunga.

Ramfikarpa ni tofauti karibu kwa kila kipengele, na bado huchanganywa na kiduha, pengine kwa sababu neno kiduha limekwisha kubebeshwa maana ya "gugu lolote linalonyonya". Ni mmea mrefu zaidi. Waweza kufika sentimita 100 na kuzidi pale ulipopata mwenyeji mzuri, ingawa katika udongo hafifu hubaki mdogo. Majani yake ndiyo alama ya kwanza: yamegawanyika katika nyuzi nyembamba kama sindano, kiasi kwamba mmea mchanga huonekana kama manyoya ya kijani juu ya tope. Ukikomaa hugeuka rangi na kuelekea wekundu, na bonde lililovamiwa sana laweza kuonekana lina kutu kwa mbali. Wekundu huo ni wa shina na majani, si wa ua, na nadhani hapa ndipo baadhi ya watu wanapopotea wanaposikia kwamba kiduha ni "gugu jekundu".

Ua la ramfikarpa ni jeupe au jeupe lenye weupe wa maziwa, na limekaa kwenye mrija mwembamba wa takriban sentimita tatu. Hufunguka jua linapozama, kwani huchavushwa na nondo wa usiku. Jambo hili dogo lina matokeo makubwa katika kazi ya ugani. Afisa anayefika shambani saa tano asubuhi, kama ilivyo desturi ya ziara za kikazi, hukuta maua yamejikunja na kunyauka, na hawezi kuyalinganisha na picha iliyo mkononi mwake. Mchungaji anayerudisha ng'ombe magharibi huyaona yamesimama wazi kama taa ndogo juu ya jaruba. Kati ya hao wawili, mchungaji ndiye shahidi bora.

Tunda ndilo lililoupa mmea huu jina lake la kitaalamu. Katika Kigiriki rhamphos ni mdomo wa ndege uliopinda, na karpos ni tunda. Tunda la ramfikarpa ni kijaluba kikavu kilichoinama upande, chenye ncha iliyochongoka kama mdomo wa kuku. Hata baada ya maua kuisha na majani kupukutika, vijaluba hivyo hubaki juu ya mabua wakati wa mavuno na huwa ushahidi wa kutosha. Kama ningeombwa kuutafutia mmea huu jina la Kiswahili, ningeanzia hapo kwenye mdomo wa ndege. Striga, kwa upande wake, ni neno la Kilatini lenye maana ya mchawi wa kike, jina linaloeleza hofu ya mkulima lakini lisilomsaidia hata kidogo kuutambua mmea shambani.

Upo mmea wa tatu unaopaswa kutajwa ili usituhumiwe bure. Cycnium tubulosum, wa familia hiyo hiyo, huota katika malisho yenye udongo wa tope katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Nao una ua jeupe, na nao hunyonya mizizi ya majani. Lakini ua lake ni kubwa, limetandazika kama kipande cha karatasi laini kilichodondoshwa juu ya majani, na liko wazi mchana. Majani yake ni membamba lakini mazima. Uwepo wake malishoni si dalili ya balaa shambani. Anayetaka kutenganisha kwa haraka aangalie jani kwanza: lililogawanyika nyuzi nyuzi ni la ramfikarpa, lililo zima ni la mwingine.

Namna mbili za kunyonya

Tofauti za nje zina mzizi katika tofauti ya maisha. Kiduha ni kimelea cha lazima. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, haioti mpaka isikie ishara za kikemikali zinazotolewa na mizizi ya mpunga, mahindi, mtama au jamii nyingine ya nyasi iliyo karibu. Bila ishara hiyo hulala ardhini, na yaweza kulala miaka 10 na zaidi. Ikiota, kimche chake lazima kipate mzizi wa mwenyeji ndani ya siku chache au kife. Huishi gizani chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa kichwa, na sehemu kubwa ya madhara hufanyika katika kipindi hicho. Mkulima anapokiona, mpunga umekwisha kuibiwa. Kukingoa wakati huo hakuurudishi msimu uliopo, ingawa huulinda ujao, kwani mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu.

Ramfikarpa ni kimelea cha hiari. Mbegu yake haihitaji ishara ya mwenyeji. Inahitaji mwanga na udongo ulioshiba maji. Kimche chake huwa cha kijani tangu mwanzo, hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, na kikikosa mwenyeji kinaweza kukua, kuchanua na kuzaa, ingawa kwa unyonge. Kikipata mzizi wa mpunga hushika, hunenepa na kuzaa mbegu nyingi zaidi. Mpunga hulipa gharama mapema: uwezo wake wa kujitengenezea chakula hupungua, machipukizi huwa machache, na masuke huwa mepesi. Wakulima wa Benin waliohojiwa na watafiti walikadiria hasara ya zaidi ya asilimia 60 katika majaruba yaliyovamiwa.

Kutokana na tofauti hiyo, mbinu ya kuidanganya mbegu ya kiduha, yaani kupanda mmea unaotoa ishara lakini usiokubali kunyonywa, haina maana yoyote kwa ramfikarpa. Kilimo cha vuta-sukuma kilichoendelezwa na ICIPE nchini Kenya hutumia desmodiamu kwa namna hiyo katika mahindi na mtama, na mafanikio yake dhidi ya kiduha yanajulikana. Huwezi kuudanganya mmea ambao hausikilizi ishara. Isitoshe, desmodiamu haistawi ndani ya maji ya jaruba.

Mteremko unavyogawa

Mwaka 2015 Stella Kabiri na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kyela wenye swali rahisi: je, magugu haya mawili yanaweza kuishi pamoja? Walipima mashamba kuanzia juu hadi chini ya mteremko na kukuta kwamba kila moja lina makao yake. Kiduha kilikuwa kwenye ardhi ya juu iliyo kavu zaidi. Ramfikarpa ilikuwa chini, penye unyevu. Majaribio ya vyungu yalionyesha kwamba maji ndiyo hakimu mkuu: udongo unaopitisha maji ulikifaa kiduha, na udongo ulioshiba maji uliifaa ramfikarpa.

Matokeo hayo yana faida ya moja kwa moja kwa anayetaka kutambua. Mahali mtu aliposimama kwenye mteremko ni nusu ya jibu. Akiwa kwenye mgongo wa mchanga ambako mahindi na mpunga hupokezana, atafute ua jekundu mchana. Akiwa bondeni, atafute jani la nyuzi na ua jeupe la jioni. Katikati ndipo penye mashaka, na mashaka hayo yanabadilika na mwaka. Mwaka wa mvua haba unaweza kukishusha kiduha, na mwaka wa mafuriko unaweza kuipandisha ramfikarpa. Mabadiliko ya tabianchi, yanayozidi kuzifanya mvua zisitabirike, hayataondoa moja ya magugu haya; kinachotarajiwa ni mpaka kati yao kusogezwa huku na kule.

Tarehe ya kupanda

Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, Dennis Tippe na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya tarehe za kupanda yaliyofanyika katika maeneo mawili ya Kyela: Mbako, penye kiduha, na Kilasilo, penye ramfikarpa. Hitimisho lao linastahili kuandikwa ukutani katika kila ofisi ya kata. Katika ardhi ya kiduha, kuchelewa kupanda kulipunguza mashambulizi. Katika ardhi ya ramfikarpa, kupanda mapema ndiko kulikokuwa na manufaa.

Sababu zinaeleweka mtu akishalijua tabia la kila mmea. Mpunga wa bondeni uliopandwa mapema, kabla udongo haujashiba, huwa umeshika ardhi na kutandaza majani wakati mbegu za ramfikarpa zinapopata maji ya kutosha kuota. Kimche kinakuta kivuli na mwenyeji aliyekwisha kupata nguvu. Juu kwenye mchanga hali ni kinyume. Kiduha huanza kazi udongo ungali na unyevu wa wastani, na mpunga unaochelewa hukwepa kipindi hicho na kukua wakati ardhi imelowa kuliko inavyokifaa. Kuchelewa kuna hatari yake, kwani mvua yaweza kukatika mpunga ukiwa kwenye maua, na kwa hiyo huhitaji mbegu inayokomaa upesi. Mkulima aliyezoea mpunga wa muda mrefu wenye harufu nzuri, ambao ndio ulioipatia Kyela jina sokoni, haombwi kitu kidogo anapoambiwa aache mbegu yake. Washauri wanaolizungumza jambo hili kana kwamba ni kubadilisha mfuko wa mbolea hawajapata kuuza mchele.

Tujaalie sasa kaya yenye vipande viwili, kimoja mgongoni na kingine bondeni, iliyosikia tu kwamba "kiduha kinazuiwa kwa kuchelewa kupanda", na inayoyaita magugu yote mawili kiduha. Itachelewa kote kuwili. Mgongoni itapata nafuu. Bondeni mpunga mchanga utaingia katika tope lililokwisha kujaa vimche vya ramfikarpa, na nafuu ya juu italiwa na hasara ya chini. Ingegeuza mpango, ikaanza na bonde na kumalizia na mgongo, ingefuata kalenda inayofaa kwa vipande vyote viwili bila kuongeza gharama ya senti moja.

Malisho: chanzo, njia na mhanga

Nimetangulia kusema kwamba ramfikarpa ni mmea wa majani ya bondeni. Katika malisho yaliyofunga vizuri huwa mchache na mnyonge, na sababu yake inapatikana katika hitaji lake la mwanga: chini ya zulia nene la nyasi mbegu hubaki gizani. Jembe au maksai wanapofungua udongo, giza huondoka. Kwato nyingi mahali pamoja hufanya kazi inayofanana na ya jembe. Malisho yaliyolishwa kupita kiasi hadi tope likaonekana, hasa kandokando ya vivuko na sehemu za kunyweshea, huwa na masharti yote ambayo mbegu inayahitaji, yaani mwanga, maji na mizizi ya nyasi iliyo karibu. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiungo kati ya ufinyu wa malisho na magugu ya mpunga kilipo. Kadiri mabonde yanavyogeuzwa majaruba, ndivyo mifugo inavyobanwa katika vipande vichache, na ndivyo vipande hivyo vinavyogeuka vitalu vya mbegu vinavyopakana na shamba.

Baada ya mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, milango hufunguliwa. Ng'ombe huingia katika majaruba kula mabua na machipukizi yanayofuata unyevu. Kwa mfugaji huu ni muda wa thamani, na hapa ndipo hasara ya pili, isiyohesabiwa katika takwimu za mpunga, inapotokea. Mpunga ulionyonywa haukupoteza punje tu, ulidumaa mzima. Mabua yake ni mafupi na machache. Jaruba lililotoa nusu ya mavuno halitarajiwi kumpa ng'ombe shibe ya jaruba zima, na kilichosimama mahali pa majani yaliyokosekana ni mabua makavu ya ramfikarpa yenye vijaluba vilivyofunguka. Mwenye shamba anakosa debe, na mwenye ng'ombe anakosa wiki kadhaa za malisho. Mara nyingi ni mtu yule yule.

Wakati huo huo mbegu zinasafiri. Mbegu ya ramfikarpa ina urefu wa takriban nusu ya milimita, na tope lililoshika kwenye ukwato, kwenye plau au kwenye kisigino cha mchungaji laweza kubeba nyingi. Maji ya mafuriko huzibeba nyingine kutoka jaruba hadi jaruba bila kuomba ruhusa ya tuta. Kwa maji mkulima mmoja hana la kufanya. Kwa plau na maksai wa kukodi analo: kuanza kulima vipande visivyo na gugu na kumalizia na vilivyovamiwa, na kuondoa tope kabla ya kuhamia kwa jirani.

Suala gumu zaidi ni ardhi iliyoachwa. Mkulima anayeshindwa na gugu mara nyingi huliacha jaruba likawa malisho kwa miaka miwili au mitatu, akitumaini kwamba gugu litakufa kwa njaa. Kwa kiduha tumaini hilo ni la polepole mno, kwa kuwa mbegu husubiri muda mrefu kuliko subira ya familia, na baadhi ya nyasi za porini zinaweza kukilisha. Kwa ramfikarpa tumaini hilo halina msingi kama ardhi imeachwa bila uangalizi. Mmea huu hauhitaji mpunga. Nyasi za porini zinautosha, na hata bila nyasi huweza kuzaa. Jaruba lililoachwa, likachungiwa ng'ombe kwa wingi hadi udongo ukabaki wazi, halijapumzishwa. Limebadilishiwa tu mwenyeji. Kinachoweza kusaidia ni kuliacha lifunge, yaani kupunguza uchungaji katika msimu wa mvua mpaka majani yafunike udongo, kisha kuruhusu mifugo kiangazi. Hilo linahitaji makubaliano kati ya wenye mashamba na wenye mifugo juu ya nani anaingia wapi na lini, na makubaliano hayo hayawezi kufanywa na mtu mmoja wala kuandikwa na mtafiti.

Kung'oa kwa mkono kunabaki kuwa silaha ya wengi, na wakati wake unatofautiana. Ramfikarpa hung'olewa ikiwa changa, kwenye palizi ya kwanza, kabla mizizi yake haijajifunga na ya mpunga. Ikichelewa, hutoka na mpunga wenyewe. Kiduha hung'olewa kinapoanza kuchanua. Kwa yote mawili mmea uliokwisha kufunga vijaluba hautupwi kwenye tuta wala kwenye mfereji, na haupelekwi zizini kama matandiko. Huchomwa palepale palipo pakavu.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji chombo chochote. Kwa tambarare ya Kyela unatosha kufanywa mara mbili mpunga unapokaribia kuchanua: mchana kwenye migongo ya mchanga, na jioni kwenye mabonde, wakati ng'ombe wanarudi na maua meupe yanaanza kufunguka. Kila kipande kilichokutwa na gugu huandikwa jina la gugu na mahali pake kwenye mteremko, na daftari hilo ndilo linalofunguliwa mwezi Desemba kabla ya kuamua ni shamba lipi lipandwe kwanza.